Bei Moja, na Bado Wakachukua Ndogo

Kavira mwanangu,

Mvua imenifungia duka mapema leo. Barabara ya Mubi imekuwa uji wa matope, motari na pikipiki zao za abiria wamejikunyata chini ya mabati ya jirani, na hakuna mteja mwenye akili timamu atakayetoka kutafuta chaja katika hali hii. Basi nimekaa nyuma ya meza, nimefungua daftari, naandika. Wewe uko nyumbani na mama yako mnakunja nguo. Kesho asubuhi lori linaondoka kwenda Kisangani na wewe utakuwa ndani yake, na mimi tangu jana sijakuambia neno la maana. Nimekuambia "lete chumvi" na "funga mlango". Wewe umenijibu "ndiyo Papa", "ndiyo Papa", kama askari mbele ya mkubwa wake.

Usicheke maandishi yangu haya makubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Kalamu ni mbaya.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kutoacha sanduku peke yake lori likisimama, ya kumsalimia mama mwenye nyumba kabla hajakusalimia yeye, sitayaandika hapa. Mama yako ameshayasema mara tatu na kesho atayasema tena wakati dereva anapiga honi. Mimi nataka kusema juu ya jana. Na ili niseme juu ya jana lazima nianzie mbali kidogo. Unanijua, baba yako hawezi kuuza hata betri ya tochi bila kwanza kupitia Butembo.

Lakini jana yenyewe kwanza. Nilikuita dukani, nikaweka tableti mbili juu ya meza. Moja ile kubwa ya inchi kumi, bado na plastiki yake kwenye kioo, ndiyo ya mwisho niliyo nayo. Nyingine ile ndogo ya inchi saba. Nikasema, "Chagua, hii ni zawadi yako ya masomo." Nilisema chagua, lakini moyoni nilikuwa nimeshachagua. Tangu wiki iliyopita nilikuwa nakuona kichwani mwangu, uko darasani huko Kisangani, mwanafunzi wa uuguzi, umeiweka ile kubwa mbele yako na wenzako wanageuka kutazama. Wewe ukanyoosha mkono ukachukua ndogo.

"Papa, iyi kadogo inanitosha."

Ningeweza kusema sawa. Ningeweza kusema asante hata. Badala yake nilipandisha sauti mpaka motari wakachungulia mlangoni: "Unawaza papa yako alishafilisika? Batu ba Kisangani baone mutoto wa muuza tableti anatembea na kitu ya kiganja moja?" Wewe ukasema haina shida, Papa, ukairudisha ndogo taratibu mahali pake, ukaenda kukaanga makayabu, wale samaki wa chumvi. Nilisikia mafuta yanalia kule nyuma, na wewe hulii wala huimbi. Siku nyingine zote unapokaanga unaimba.

Sasa nakwenda Butembo.

Babu yako, baba yangu, aliuza sabuni, chumvi na vitenge maisha yake yote, na alinifundisha kazi nikiwa na urefu wa meza. Alikuwa na amri moja ambayo hata padri asingeweza kuibadilisha: mteja akishanyoosha mkono, usimuulize kwa nini. Ukimuuliza kwa nini, ataanza kufikiri. Akianza kufikiri, atarudisha mkono mfukoni. Funga kitu kwenye gazeti, mpe, sema asante, muombee safari njema. Sisi watu wa huko tumefungua maduka mpaka ndani ya msitu kwa kufuata amri za namna hiyo, na sikatai, zimetulisha. Lakini ile moja imenigharimu vitu ambavyo duka haliwezi kurudisha.

Unalikumbuka duka letu la Masisi, lenye milango ya bluu, pale motari wanapongojea abiria. Ulikuwa na miaka kumi hivi, unakaa chini ya meza na kunisomea namba za maboksi. Tableti zilipoanza kuingia, zile ndogo hazikumaliza wiki moja dukani. Kubwa zilikaa zikila vumbi. Mimi nikasema jambo liko wazi: ni bei. Mama yako akasema hapana, ni ule udogo wenyewe.

"Papa Kavira, si bei. Njo vile iko kadogo."

"Mama Kavira, hakuna muntu anapenda kitu juu iko kadogo. Anakubali kadogo juu kubwa inamushinda."

Tulibishana hivyo mpaka kwenye chakula. Mama yako ni binti wa wakulima wa Karuba, watu waliozaliwa juu ya mlima, wanaopanda maharagwe mahali ambapo mimi naogopa hata kusimama. Watu hao hawabishani kwa kelele. Wanasema neno lao mara moja, wanaendelea kuchambua maharagwe, na wewe unabaki unapigana na ukuta. Mimi nilitaka kumshinda mbele ya ushahidi. Basi nikashuka Goma, barabara ilikuwa bado inapitika, nikapata kwa mfanyabiashara mmoja tableti kubwa ambazo alitaka kuziondoa haraka. Alinipa kwa bei rahisi kiasi kwamba niliweza kuziuza kwa bei ile ile ya ndogo. Nikazipanga bega kwa bega, na kwenye kipande cha kartoni nikaandika: BEI MOJA.

Kisha nikakaa kwenye kiti changu kungojea siku ya kumcheka mama yako.

Wa kwanza kuja alikuwa katekista mmoja mzee. Akaichukua kubwa, akaigeuza, akaisifu, akasema eh, hii ni televisheni kabisa. Akairudisha. Akanunua ndogo. Akafuata mwalimu, naye hivyo hivyo. Wakaja wanawake wa sokoni, wa maziwa na wa viazi, wakazipima mikononi kama watu wanaochagua kuku, wakaondoka na ndogo. Wiki ilipokwisha ndogo zilikuwa zimeisha zote, na kubwa zangu zimenitumbulia macho, kwa bei moja. Mama yako alipita mbele ya kartoni yangu, akaisoma kwa sauti, akaenda kuteka maji.

Mtu mwingine yeyote hapo angeuliza. Angemshika katekista mkono na kumwambia, mzee wangu, niambie, kwa nini? Lakini sikio langu lilikuwa limejaa amri ya babu yako. Nikajitungia sababu yangu: hawa watu wamezoea udogo, wanaogopa kitu kikubwa, wanafikiri ni cha matajiri. Wanahitaji kusukumwa. Nikaacha kabisa kuleta ndogo. Anayetaka tableti Masisi achukue kubwa au aende zake.

Wakati huo ndipo mama yako mdogo Furaha alipotoka Karuba. Alikuja na pikipiki, amebeba jibini dogo la mviringo ndani ya majani ya mgomba, zawadi yetu, na mkononi ana Biblia yake ndani ya mfuko wake mweusi wenye zipu. Unamjua, haachani nayo, ni yeye anayeongoza kwaya. Akasema amekusanya kidogo kidogo, anataka tableti ya kurekodi nyimbo.

"Shemeji, mimi ningependa kale kadogo."

"Kadogo iliisha. Na juu ya nini unatafuta mbuzi, na ngombe iko apa kwa bei ya mbuzi? Chukua iyi. Tena wewe hautanipatia kitu, ninakupa."

Unaona, nilimuuliza kwa nini, nikasema "juu ya nini", lakini sikungoja jibu. Yeye akaichukua kwa mikono miwili. Kisha, na hili nililiona kwa macho yangu haya, akailaza juu ya mfuko wa Biblia. Ikachomoza pande mbili, kama ubao juu ya kigoda kidogo. Akapitisha kidole kwenye kingo zake zilizochomoza. Mimi nikafikiri anaifuta vumbi. Akasema aksanti sana shemeji, kwa sababu mwanamke wa kwao hawezi kukataa zawadi ya mume wa dada yake mbele ya watu, akapanda pikipiki akarudi Karuba.

Alichorekodi unakikumbuka kuliko mimi. Siku ya Pasaka tulikwenda kule, na bibi yako, mama wa mama yako, alishika fimbo yake akazunguka shamba lote huku Furaha anamfuata na tableti. Ulicheka sana kwa sababu alianza kwa kuisalimia ile tableti, "Jambo yako." Kisha akaacha mchezo. Akataja kila mpaka. Hapa ni jiwe jeupe, babu yenu alilizika mwenyewe, nusu iko chini. Hapa ni mti, mwingine ulikatwa, kisiki chake kiko kwenye majani. Kutoka hapa mpaka maji ni yetu, kule ng'ambo ni ya jirani, msimguse. Alijua kwamba vita vikizidi watu watatawanyika, na ardhi haina mdomo wa kujitetea. Sauti yake ilikuwa imetulia, kama anayesoma orodha ya watoto wake.

Vita vilizidi. Asubuhi moja milio ilisikika upande wa Mushaki, na Karuba nzima ikaingia njiani. Wanawake walibeba watoto, sufuria na Biblia. Mbele kidogo kulikuwa na barieri, kizuizi cha wenye silaha, na kila mtu anafunguliwa mzigo wake. Sasa sikiliza jambo ambalo kila mwanamke wa Karuba alilijua, na baba yako, mfanyabiashara hodari, hakulijua: tableti ndogo inaingia ndani ya mfuko wa Biblia. Inalala nyuma ya jalada, zipu inafunga, haionekani. Mwanamke anapita na Biblia kifuani na wimbo mdomoni, na wale vijana, hata wakiwa wabaya namna gani, kwa kawaida hawaombi kufunguliwa Biblia. Ndiyo sababu ya ndogo. Katekista alijua. Wanawake wa viazi walijua. Walikuwa wananunua kitu cha kukimbia nacho.

Furaha alikuwa ameifunga ile kubwa tumboni chini ya kitenge. Kona zake zilichomoza. Wakamwambia afungue. Wakamuuliza anampiga nani picha, anazituma wapi. Walimkalisha juani na watoto wake wawili mpaka saa tisa. Wanawake wa kwaya walikataa kuendelea na safari bila yeye, wakakaa pembeni ya njia wanaimba, wimbo baada ya wimbo, mpaka wale vijana wakachoka. Wakamwachia. Tableti haikurudi.

Alipofika Masisi nilimpokea mlangoni. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Pole shemeji, usijali, nitakutafutia ingine." Pole ya muuzaji. Alikaa kwenye gunia, akavua viatu, na bila hasira hata kidogo akaniambia:

"Shemeji, nilitaka kadogo juu inaingia mu Biblia. Ba mama bote banafanya vile. Kama ungeniuliza, ningekuambia."

Mama yako alinipikia siku nne bila kunisemesha. Bibi yako alifariki kwenye mahema karibu na Sake kabla hatujapata nafasi ya kumwomba arudie maneno yake, na hata tungeipata, mipaka angeitembeaje akiwa mbali na shamba? Lile jiwe jeupe liko mahali fulani chini ya majani. Hakuna hata mmoja kati yetu anayeweza kwenda moja kwa moja na kuweka mguu juu yake. Mwanangu, nimepoteza bidhaa nyingi katika vita hivi, nimepoteza duka zima, na nalala usingizi. Lile jiwe ndilo linaloniamsha.

Kisha na sisi tukakimbia. Unaijua safari hiyo, ulitembea kwa miguu yako, Masisi mpaka Walikale, mama yako na sufuria, wewe na mdogo wako, mimi na gunia la chaja mgongoni. Miwani yangu ilibaki juu ya meza ya duka. Tulipofika Mubi niliwaambia siihitaji, na kweli nimeishi bila hiyo.

Hapa Mubi nilisema sasa nimeelewa. Watu wanapenda ndogo kwa sababu ya udogo wake, kwisha maneno. Nikaleta ndogo tupu. Hukumbuki yule kijana mchimbaji, mrefu, aliyekuja na matope ya kariere, kule machimboni, mpaka magotini? Aliishika ndogo kama anayeshika biskuti.

"Papa, tuko batu kumi na mbili mu nyumba moja. Iyi kadogo tutaangaliaka namna gani mupira? Kila muntu jicho moja?"

Mama yako alicheka mpaka akaketi. Kesho yake akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, akachukua ndogo bila kuangalia kitu kingine. Mimi, kwa kujionyesha kuwa mwenye hekima, nikamwambia, ndiyo Mama, najua, ni ya kuweka ndani ya Biblia. Akamweka mtoto vizuri mgongoni.

"Papa, njo bei. Niko maskini. Unataka niseme mara ngapi?"

Tangu siku hiyo nimeivunja amri ya babu yako. Kila anayenyoosha mkono namuuliza, juu ya nini hii na si ile? Wengine wanakasirika na kuondoka. Wengi wanakaa na kusema, na nimesikia sababu ambazo nisingezitunga hata ningekaa kitini mwaka mzima. Mmoja alitaka ndogo kwa sababu mkono wake mmoja uliumia vitani, anaweza kuishika kwa vidole vilivyobaki. Mwingine alitaka kubwa kwa sababu mama yake hasikii, anasoma midomo ya watu kwenye video. Ndiyo maana Mubi nzima wananiita Papa Juu-ya-Nini. Watoto wananipigia kelele hilo jina nikipita, na wewe mwenyewe umelitumia mara mbili ukifikiri sisikii.

Na huyo Papa Juu-ya-Nini, anayewauliza wachimbaji na wapita njia, jana alikuwa na binti yake mwenyewe mbele yake, mkono umenyooshwa, na hakumuuliza.

Nitakuambia ukweli. Niliogopa jibu. Wewe una macho. Unaona rafu zilivyobaki na nafasi, mzigo hautoki Goma tena kama zamani, na wiki nyingine nauza kadi za simu na viberiti tu. Nilifikiri ukifungua mdomo utasema: Papa, ni bei, uza ile kubwa, mle. Nilifikiri mtoto wangu anaondoka nyumbani akinihurumia. Mzazi anaweza kubeba mambo mengi, lakini hilo lilinishinda, ndipo nikapiga kelele kabla hujasema. Nakupenda, Kavira. Nakupenda na nilikufokea, na vyote viwili vilitoka kwenye kifua kimoja, siwezi kukueleza zaidi ya hapo.

Basi barua hii yote ilikuwa ni kukuuliza. Nilitaka kuandika hapa: kwa nini ndogo? Na kukuambia nitalipokea jibu lolote, hata kama ni bei.

*

Nimeacha kalamu kwa muda. Mama yako ameingia na mwavuli uliovunjika, amelowa mpaka mabegani, analeta chai. Naandika kama tulivyosema, usije ukasema nimeongeza chumvi.

"Unaandika nini tangu saa nane?"

"Barua ya Kavira. Niko namuuliza juu ya nini alichagua kadogo."

"Mutoto iko pale nyumbani, na wewe unamuandikia barua?" Akaweka kikombe. Akacheka kidogo, si kile kicheko cha kunishinda. "Mimi nilimuuliza jana, mu jikoni."

"Akasema ni bei."

"Hapana."

"Basi ni ya kuingiza mu Biblia. Njia iko mubaya."

"Hapana, Papa Kavira. Kunywa kwanza."

Sikunywa. Akasema, polepole, kama vile wanavyosema kwao, mara moja tu:

"Alisema: Papa haone tena muzuri. Mimi nikichukua kubwa, siku nitapiga ataniangalia mu kale ka simu kake, atasema 'ndiyo nakuona, nakuona', na haone kitu. Ile kubwa ibakie apa. Aone sura yangu yote."

Nilitaka kumwambia kwamba macho yangu hayana shida. Mama yako akaendelea kusimama pale, maji yanamchuruzika kwenye kitenge.

"Ile siku ulisalimia Furaha mu simu, ukamuambia amezeeka, na ilikuwa mama mukwe wake," akasema. "Sisi bote tulicheka. Wewe ulicheka. Kavira peke yake hakucheka. Alikuona."

Kisha akarudi kwenye mvua, kwa sababu ameacha maharagwe motoni.

Mwanangu, kalamu si mbaya. Ni nzuri kabisa, niliitoa kwenye boksi jipya leo. Naandika makubwa hivi kwa sababu nikiandika madogo sioni nilichoandika. Ni mwaka wa pili sasa. Zile namba za maboksi nilizokuwa nakuomba unisomee hapa Mubi, nikisema siku hizi wanaziandika vibaya, ziliandikwa vizuri. Nilikuwa naficha, na nilifikiri nimeficha vizuri kuliko wanawake wa Karuba.

Kwa hiyo miaka yote hii nimebishana na mama yako, bei au udogo, udogo au bei, na binti yangu ananyoosha mkono kwenye ndogo ili mimi nibaki na kubwa. Sijui hiyo inaingia upande gani wa ubishi wetu. Nafikiri mama yako ameshinda, lakini usimwambie.

Nisamehe ya jana. Sitaki kuisema kama nilivyomwambia Furaha, kwa mguu mmoja ndani na mmoja nje. Naisema nikiwa nimekaa: nisamehe, mwanangu, nilikufokea ukiwa unanitunza. Na Furaha nitampigia wiki hii, nimwambie na yeye maneno ambayo sikumwambia pale mlangoni.

Ile ndogo mama yako amerudi kuichukua na ameshaiweka ndani ya mfuko wa Biblia ambao Furaha alikutumia. Imeingia, zipu imefunga. Ile kubwa nimeitoa kwenye rafu, nimetoa na plastiki yake, nimeisimamisha hapa mezani nikiegemeza kwenye boksi la chaja, ikinitazama. Nimechukua kalamu nyekundu na kipande cha kartoni nikaandika HAIUZWI, kwa herufi ambazo hata mimi naziona.

Ukifika, na mtandao ukikubali, piga. Usiniulize kama nakuona. Nitakuambia mwenyewe, na safari hii itakuwa kweli.

Baba yako,
Papa Juu-ya-Nini